Baiskeli ya Mashindano Yastaafu Musinzira

Mtaa wa Musinzira, mjini Gitega, si mahali ambapo mtu angetazamia kuikuta baiskeli ya starehe. Njia zake nyingi ni za kupanda na kuteremka, vichochoro vyake ni vya udongo mwekundu ambao wakati wa mvua huwa utelezi na wakati wa kiangazi huwa vumbi, na kila baiskeli inayopita ina kazi yake. Hii imebeba magunia ya makaa, ile mikungu ya ndizi, nyingine madumu ya mawese. Na isiyo na mzigo imebeba abiria, maana vijana wa kubeba watu, ambao kwa Kirundi huitwa abanyonzi, huamka kabla ya jua. Baiskeli yenyewe huitwa ikinga. Mtu akikuona juu ya ikinga huna gunia wala abiria, hukuuliza kuna habari gani nyumbani.

Mji huu umezoea wageni tangu zamani. Wajerumani walihamishia hapa makao ya utawala wao kutoka Usumbura mwaka 1912, nao jina la mji wakaliandika Kitega. Askari na wafanyabiashara waliofuatana nao walisaidia kukikuza Kiswahili ambacho hadi leo husikika sokoni na misikitini. Baadaye walikuja Wabelgiji. Mwaka 1955 ikaanzishwa Makumbusho ya Taifa, na mwaka 2019 Gitega ikawa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, biashara ikabaki Bujumbura. Pamoja na watu hao wote vilikuja vitu, na baadhi ya vitu vilibaki wenyewe walipoondoka.

Kimojawapo kilikuwa kimetundikwa kwa miaka mingi ukutani mwa ghala ya mzee mmoja jirani yangu, mwalimu mstaafu. Ilikuwa baiskeli ya mashindano aina ya Peugeot, ya chuma, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, gia kumi, na tairi nyembamba zilizokwisha kupasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Aliachiwa na mwalimu mwenzake Mbelgiji siku aliporudi kwao. Watu wengi wakisikia Peugeot hufikiri magari tu, kumbe jina hilo limekuwa juu ya baiskeli tangu mwaka 1882, kabla ya gari lolote.

Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupatana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Hoja zake zilikuwa nzito: mzee ana miaka 72, mgongo unamwuma, na chombo kile kinamtaka mwendeshaji alale kifudifudi kama mwogeleaji. Mzee naye alikuwa na yake. Mwaka 2023 na 2024, petroli ilipoadimika nchini hata foleni za magari zikakesha vituoni, yeye alikaa nyumbani wiki baada ya wiki. Dada yake mkubwa, ambaye macho yamekwisha, yuko upande wa Gishora, na mzee hakupenda kubebwa na kijana wa umri wa mjukuu wake.

“Mwanangu,” aliniambia, “wewe hufundisha watu kutengeneza madawati. Je, hiki hakitengenezeki?”

Mama akatoa masharti mawili mbele yangu: kazi iishe kwa mwezi mmoja, na gharama isizidi nusu ya bei ya baiskeli mpya ya Kichina. La sivyo, mnunuzi wa vyuma angerudi. Basi sikuwa na hiari ila kukubali.

Yafaa ieleweke kwanza kwa nini baiskeli ya namna hii humwumiza mtu. Si kwamba ni mbovu; imetengenezwa kwa haja nyingine. Usukani wake uko chini na mbali ili upepo usimzuie mwendeshaji. Tairi zake ni nyembamba na ngumu ili zikimbie juu ya lami laini. Gia yake ndogo kabisa bado ni kubwa, kwa kuwa mpandaji wake ni kijana mwenye miguu ya farasi. Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 260 kwa siku moja katika vilima kama hivi vyetu. Vijana wa Musinzira walitazama habari hizo kwenye simu zao, na tangu hapo kila baiskeli yenye usukani uliopinda wakaiita “ya Kigali”. Lakini mzee hakuwa anashindana na mtu.

Kazi tulianza kwa kuikagua fremu, na hapa nawasihi wasomaji wasiharakishe. Kabla ya kununua hata nati moja, pangusa uchafu wote, kisha tazama kwa mwanga wa jua mahali bomba la chini linapokutana na kichwa cha mbele. Rangi ikiwa imejikunja kama ngozi ya mzee mahali hapo, baiskeli ilikwisha kugonga kitu, na fremu imepinda. Tazama pia miguu ya uma wa mbele: imenyooka sawa, au imerudi nyuma? Ukikuta ufa, mwite mnunuzi wa vyuma na usiseme neno. Ya mzee ilikuwa na kutu ya juu tu, maana ghala yake ni kavu na ina dari.

Fundi wetu hukaa chini ya mwarobaini, na mikono yake imezitengeneza baiskeli za Phoenix za China na Hero za India zisizo na idadi. Katika hizo hakuna asiloweza. Lakini baiskeli ya Kifaransa ya zamani ina tabia ya kumtahayarisha fundi hodari, kwa sababu Wafaransa walikuwa na vipimo vyao. Alipotaka kufungua kikombe cha gololi cha upande wa cheni, pale chini ekseli ya pedeli inapopita, alizungusha spana kuelekea kulia, kama alivyozoea, maana katika baiskeli za vipimo vya Kiingereza hesi za upande huo zimekatwa kinyume. Kikombe hakikusogea. Akaleta bomba refu la kuongeza nguvu. Nikamwomba asimame, tukapangusa uso wa kikombe, tukaona maandishi yaliyogongwa: 35 × 1. Hicho ni kipimo cha Kifaransa, na hesi zake ni za kawaida pande zote mbili. Hufunguka kuelekea kushoto. Kumbe yeye alikuwa anakaza! Tulitia mafuta ya taa, tukaacha usiku kucha, na asubuhi kikafunguka kwa mkono mmoja.

Fundi hakuona haya. Alicheka na kuandika namba ile ukutani mwa kibanda chake kwa mkaa. Nami napenda mafundi wa namna hiyo. Ndani tulibadilisha gololi zote, 11 kila upande, tukajaza grisi mpya, tukavirudisha vikombe vilevile kwa kuwa njia ya gololi ilikuwa bado laini. Pedeli nazo tuliziacha za zamani. Kila moja ina herufi iliyogongwa mwishoni mwa ekseli, G kwa kushoto na D kwa kulia, kwa Kifaransa, na unene wake ni milimita 14 kamili, ambapo pedeli za sokoni huzidi kidogo sana. Ukilazimisha za sokoni zitaingia mizunguko miwili mitatu, kisha zitaharibu hesi zote.

Ugumu mkubwa ulikuwa magurudumu. Msomaji akienda dukani akasema “nataka tairi ya ishirini na nane”, atapewa ya Phoenix, na nyumbani itakataa kukaa. Sababu ni hii: namba 28 huandikwa juu ya tairi za aina mbili zisizolingana. Tairi ya baiskeli ya mizigo, iliyoandikwa 28 × 1½, hukaa juu ya rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Tairi ya baiskeli ya mashindano, ambayo Wafaransa huiita 700C na wengine wakaiita 28 vilevile, hukaa juu ya rimu ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13, nayo yatosha kumtupa mtu chini, kwa sababu tairi kubwa juu ya rimu ndogo hulegea na kuchomoka katika mteremko. Usiamini namba kubwa. Soma ubavuni mwa tairi namba ndogo zenye kistari katikati: 40-635 ni ya mizigo, 37-622 ndiyo tuliyoitafuta. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha rimu.

Mwenye duka mmoja alitushauri tutie magurudumu ya inchi 26, yale ya baiskeli za milimani, kwa kuwa tairi zake zimejaa kila mahali. Ushauri si wa mtu mjinga, ila haukufaa hapa. Rimu hiyo ni ya milimita 559. Raba za breki za zamani zingeishia hewani, zaidi ya sentimita tatu juu ya mahali zinapotakiwa kubana.

Bahati ilitupata njiani. Kazi za ofisi zilinipeleka Muyinga, kaskazini mashariki, mji ambao tangu mpango mpya wa mikoa mwaka 2025 umo katika mkoa wa Buhumuza. Nilipanda basi la kupitia Karuzi, nikauvuka mto Ruvubu, na njia nzima nilitazama waendesha baiskeli wakisukuma mizigo kupanda vilima, wamejiinamia kama watu wanaosali. Muyinga ni mji wa karibu na mpaka. Kiswahili chake hupumua hewa ya Ngara, kwa kuwa kutoka hapo kwenda kituo cha mpaka cha Kobero si mbali, na malori ya Tanzania hupita mchana na usiku. Katika soko lake kuna safu ya wauza vipuri, na mmoja wao alikuwa na magurudumu mawili ya mtumba, rimu za aluminiamu, namba 622, na tairi zenye upana wa milimita 37 zisizochakaa sana. Tulibishana bei kwa adabu mpaka adhana ya alasiri ikatutenganisha. Nililipa, nikayafunga juu ya basi, na kondakta akanitoza nauli ya mbuzi.

Kwa nini nilifurahia aluminiamu? Rimu za chuma zilizong'arishwa hupendeza macho, lakini zikilowa mvua breki huteleza juu yake kama sabuni. Katika nchi tambarare hilo ni usumbufu. Kwetu ni jeneza. Wanaoijua barabara ya kutoka Bugarama kushuka Bujumbura, kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi karibu na ziwa Tanganyika lililo mita 770 hivi, wamewaona wale mashujaa wenye mikungu ya ndizi wakishika breki kwa soli za viatu, na wakati wa kurudi wakijishikilia nyuma ya malori. Sitawacheka kamwe, maana ndio wanaoulisha mji. Lakini sitamwambia mzee awaige.

Habu ya nyuma ilikuwa pana kuliko nafasi yake katika fremu: milimita 130 baada ya kuondoa washa, na nafasi ilikuwa 120. Chuma kina huruma. Fundi aliweka bolti ndefu yenye nati mbili ndani ya nafasi hiyo, akazifungua nati polepole, siku mbili, hadi kila upande ukasogea milimita tano, kisha akahakikisha kwa uzi uliofungwa kutoka nyuma hadi kichwani kwamba pande zote mbili zinalingana. Fremu ya aluminiamu isingekubali, ingepasuka. Tuliupima pia uma wa mbele kwa kupitisha gurudumu, na tairi ikapita, ikiacha unene wa kidole kidogo. Madigadi hayakuwa na nafasi tena, na mvua ikinyesha mzee ataijua.

Kuhusu gia, hesabu yake si ngumu. Gurudumu hili likizunguka mara moja huenda mita 2 na sentimita 18 hivi. Gia ndogo ya zamani, meno 40 mbele na 24 nyuma, ilimtaka mtu aisukume baiskeli zaidi ya mita tatu na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli. Tulifunga friwili ya mtumba yenye duara kubwa la meno 34. Sasa mzunguko mmoja ni mita mbili na nusu. Huo ndio mwendo wa mtu anayepanda kilima huku akizungumza. Kibadilisha gia cha zamani kilikuwa cha plastiki na kilivunjika kilipoguswa. Tukatia cha baiskeli ya milimani, kirefu, nacho kikatii kijiti cha zamani bila ugomvi, kwa kuwa vijiti vile havina vituo, huvutwa mpaka sikio liridhike. Duara kubwa la mbele, la meno 52, tuliliacha lilipo. Halina kazi tena isipokuwa kuzuia suruali isikamatwe na cheni.

Usukani wa pembe za kondoo ulitoka, ukaingia ule mpana wa baiskeli ya mizigo, unaorudi nyuma kumfuata mtu. Hapa tena Mfaransa alituwekea mtego: shina la usukani wa kawaida lina milimita 22.2, na bomba la kichwa cha Peugeot lina 22 tu. Fundi alilisugua shina kwa msasa kwa saa nzima hadi likazama. Mikono ya breki ilibidi ichaguliwe kwa uangalifu, kwa maana ile ya breki mpya za milimani huvuta waya mwingi mno, na ikifungwa kwenye breki za zamani za kubana mtu hukamua kwa nguvu zote na baiskeli isisimame. Tulipata ya zamani, fupi, na raba mpya nne.

Mtu akikaa wima, uzito wake wote hushuka kwenye makalio. Kwa hiyo kiti chembamba cha mashindano kilimpa nafasi kiti kipana chenye springi. Kimo chake hupimwa hivi: weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Rangi hatukupaka. Wapo wanaoanza kwa rangi, nao aghalabu huishia hapo.

Siku ya 26 mzee alitoka lango la nyumba akisukuma baiskeli yake, amevaa koti. Mama alisimama barazani bila kusema. Njia ya Gishora ni yapata kilomita saba kutoka mjini, na huko ndiko kuliko na kiambo cha ngoma kinachohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Nilimfuata kwa baiskeli ya kuazima. Katika mteremko wa kwanza alijaribu breki mara tatu, kama nilivyomwomba. Katika mpando alishusha gia, akaendelea kuzungusha miguu taratibu, na vijana wawili wa ndizi waliokuwa wakisukuma kwa miguu walimsalimu wakidhani ana haraka. Hakuwa nayo. Alisimama kutazama migomba, akasimama tena kuzungumza na mtu aliyemfundisha hesabu mwaka ambao hata mwenyewe hakuukumbuka. Ilituchukua saa moja na robo. Dada yake aliipapasa baiskeli kuanzia usukani hadi kiti, akauliza mbona haina mzigo.

Tangu hapo huenda kila Jumapili, mvua isiponyesha. Mama hakumwita tena mnunuzi wa vyuma, ila ameleta dai jipya: itiwe keria ya nyuma, ili akirudi Gishora abebe viazi na majani ya sungura. Mzee anakataa kabisa. Anasema chombo hiki kimebeba mwili wake, na kuna ikinga elfu mjini za kubebea viazi. Shauri hilo halijaamuliwa. Fundi, anayejua kila pembe ya fremu hiyo, ameyaona matundu mawili madogo karibu na ekseli ya nyuma, ambayo mtengenezaji aliyaacha kwa ajili ya kufungia keria; lakini mpaka naandika haya hajamwambia Mama.